Hürrem alipobadilika sura

Hakuna aliyetuonya usiku ule. Sebule ya shangazi, Ngamiani jijini Tanga, ilikuwa imejaa kama kawaida: wenye nyumba kwenye makochi, majirani kwenye mkeka, watoto mlangoni wakijifanya wamelala ili wasifukuzwe. Kahawa ilikuwa imeshazunguka mara moja. Tamthilia ikaanza, akatokea mwanamke aliyevaa taji la Hürrem, anayeinamiwa na vijakazi wa Hürrem, anayekunja uso kama Hürrem. Lakini sura haikuwa ya Hürrem.

"Huyu ni nani tena?" jirani mmoja akauliza.

Mwingine akasema labda king'amuzi kimejichanganya, kimerusha tamthilia nyingine. Wa tatu akadhani ni yule Mama Sultani aliyekufa zamani, wamemrudisha. Shangazi peke yake hakusema kitu. Alisogeza kigoda mbele, akaitazama runinga kwa jicho analomtazamia samaki sokoni, kisha akanyoosha mkono.

"Tazameni kidole."

Pete ilikuwa ileile, yenye jiwe la kijani lililochongwa kama tone la maji, ambayo Sultani alimtengenezea kwa mikono yake.

"Ni yeye," shangazi akakata shauri. "Yaliyompata hayakuwa madogo. Yangekupata wewe, hiyo sura yako ingebaki?"

Mjadala ukaishia hapo. Kwa dakika kumi hivi watu walinuna, walimkosoa mgeni kwa macho na kwa mwendo, na mmoja alidai hata ukali wake ni wa kujilazimisha. Ilipofika nusu ya kipindi nikasikia yule yule aliyeuliza "huyu ni nani" akimwonya mgeni kwa sauti: "Hürrem, usimwamini huyo!" Alikuwa ameshamkubali.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza tunafuata nini hasa tunapofuata tamthilia. Sura inabadilika, mwandishi anabadilika, kituo kinabadilika, saa inasogezwa, umeme unakatika, na bado tunarudi. Nadhani tamthilia tuliyoizoea kwa Kiswahili kwa jina fupi la Sultan inalijibu swali hilo kuliko nyingine yoyote, kwa sababu ni hadithi ya watu wanaorithiana kiti, na nyuma ya kamera nako watu walikuwa wakirithiana viti.

Jumatano ya Istanbul

Jina lake la Kituruki ni Muhteşem Yüzyıl, yaani Karne Tukufu. Ilianza kurushwa Jumatano, tarehe 5 Januari 2011, kwenye kituo cha Show TV. Inasimulia habari za Sultani Suleiman, aliyetawala Dola ya Osmani kuanzia mwaka 1520 hadi 1566, na mwanamke aliyeingizwa kasri akiwa mtumwa kutoka nchi ambayo leo ni Ukraine. Kasri likampa jina la Hürrem. Sultani akampa uhuru, kisha akamuoa kwa ndoa halali, jambo lililowashangaza watu wa zama zake, maana masultani walizoea kuzaa na masuria bila kufunga nao ndoa. Suleiman aliigizwa na Halit Ergenç. Hürrem aliigizwa na Meryem Uzerli, binti aliyezaliwa Kassel, Ujerumani, kwa baba Mturuki na mama Mjerumani. Aliyeibuni na kuiandika alikuwa mwanamke, Meral Okay.

Fujo zilianza mapema. Baraza la Juu la Redio na Televisheni la Uturuki, RTÜK, lilisema limepokea malalamiko zaidi ya 70,000. Waliolalamika walikasirika kumwona mfalme wanayemheshimu akinywa pombe na kukaa na wanawake, badala ya kumwona vitani. Baraza likakionya kituo kwa kuanika faragha ya mtu wa historia. Wakubwa wa kituo nadhani hawakukosa usingizi, kwa kuwa mtu hawezi kulalamikia kipindi bila kukitazama.

Baadaye tamthilia ilihama kabisa kutoka Show TV kwenda Star TV. Kwetu inaweza kushangaza, kwani tumezoea kwamba kipindi ni cha kituo. Uturuki, tamthilia nyingi hutengenezwa na kampuni binafsi na kuuzwa kwa kituo, na hii ilikuwa ya kampuni ya mtayarishaji Timur Savcı. Mali ikiwa ya mwenye jahazi, bandari hubadilishwa. Kilichobaki palepale ni siku. Jumatano ilibaki Jumatano, na mtazamaji wa Izmir au Konya alichohitaji kujifunza ni kitufe kipya cha kubonyeza.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo mtazamaji wa Afrika Mashariki hulikosa, na bila kulijua huwezi kuelewa yaliyofuata. Sehemu moja ya tamthilia ya Kituruki huchukua muda wa filamu nzima: saa moja na nusu, mara nyingi zaidi ya hapo. Hurushwa mara moja kwa wiki kuanzia Septemba hadi Juni, na huandikwa na kupigwa picha huku zilizotangulia zikiwa hewani. Yaani kila wiki watu wale wale wanatoa filamu nzima, wakiwa wamevaa majoho mazito, taji kichwani, taa zikiwachoma, na wiki inayofuata wanaanza upya. Kasi kama hiyo lazima imvunje mtu fulani.

Kalamu ilipobadili mkono

Wa kwanza kuondoka aliondoka moja kwa moja. Tarehe 9 Aprili 2012 Meral Okay alifariki kwa saratani ya mapafu akiwa na umri wa miaka 52. Msimu wa pili ulikuwa bado hewani. Kazi ya uandishi ikachukuliwa na Yılmaz Şahin.

Fundi akifia kwenye cherehani, mteja bado anataka nguo yake. Hapa angalau kitambaa kilikuwa kimeshakatwa na historia: ilijulikana nani atakufa, mwaka gani, na kwa amri ya nani. Ibrahim Pasha, rafiki wa Sultani tangu ujana, aliyepandishwa hadi kuwa waziri mkuu, aliuawa mwaka 1536. Mwanamfalme Mustafa aliuawa 1553. Hürrem alifariki 1558. Şahin hakuwa na ruhusa ya kumwokoa yeyote. Alichoweza kuchagua ni maneno watakayosema njiani kuelekea makaburini.

Nilipoirudia tamthilia yote baadaye nilijaribu kuutafuta mshono, mahali ambapo uzi wa Okay uliishia na wa Şahin ukaanza. Sikupata tukio moja la kunyooshea kidole. Nilichohisi ni kwamba utani ulipungua. Mwanzoni wanawake wa kasri walipigana kwa maneno kama wenye ngoma za mashindano kwenye harusi za pwani: dongo linarushwa, linadakwa, linarudishwa na riba. Kadiri msimu ulivyosonga, dongo likapungua na sumu ikaongezeka. Labda ni mwandishi. Labda ni umri wa wahusika tu, kwa sababu hata kwenye nyumba zetu, wake wenza wakiwa wasichana hurushiana mafumbo, na watoto wakikua hugombea mirathi.

Neno kutoka juu

Novemba 2012 tamthilia ilipata mkosoaji mzito kuliko wote. Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo Waziri Mkuu, akihutubia mkoani Kütahya, aliishambulia hadharani. Hoja yake ilikuwa kwamba Suleiman anayemjua yeye alitumia miaka thelathini juu ya farasi, na kwamba watu wake hawana babu wa aina ile anayeonyeshwa kwenye runinga. Muda mfupi baadaye shirika la ndege la nchi hiyo liliiondoa kwenye burudani za abiria wake.

Wengi walidhani ndio mwisho. Lakini tamthilia iliendelea kurushwa kila Jumatano kwa mwaka mmoja na nusu zaidi. Ilifungwa tarehe 11 Juni 2014, sehemu ya 139, baada ya misimu minne, na wakati huo ilikuwa imeshauzwa katika nchi nyingi za Balkani, Uarabuni na kwingineko. Kwenye runinga za Kiarabu iliitwa Harim al-Sultan, wahusika wakizungumza Kiarabu cha Kishami kilichozoeleka katika tamthilia za Kituruki.

Mkasi wa mbali

Kuuzwa nje kuna gharama yake, na gharama hiyo hulipwa na mtazamaji wa nje. Sehemu ya zaidi ya saa moja na nusu haienei kwenye ratiba za vituo vingi, kwa hiyo hukatwa vipande vya dakika arobaini au hamsini. Mwandishi wa Istanbul alikuwa amepanga usiku uishie kwa mlango unaofunguliwa au upanga unaoinuliwa. Mkata filamu wa mbali hufuata saa ya ukutani. Ndiyo maana tulikuwa tukiachwa katikati ya sentensi, Hürrem akiwa amefumbua mdomo, au tukimalizia na mtu anayekunywa sherbeti kwa utulivu kabisa, na shangazi akinung'unika, "Sasa hii nayo ndiyo ya kutulalia?"

Ukifikiri, mikato ile ilitufundisha kutazama vingine. Mtazamaji wa Uturuki alipewa mwisho wake tayari, umekaangwa na kutiwa chumvi. Sisi tulipewa mbichi, tukaupika wenyewe hadi kesho yake kwenye foleni ya bombani, kwenye daladala, saluni. "Nakwambia atamnyonga." "Hawezi, ana mimba yake." Hadithi iliendelea mchana kutwa bila kamera.

Na mikato haikuwa ya mkasi tu. Huko Ghuba, tarehe 2 Machi 2018, kundi la vituo vya MBC liliondoa tamthilia zote za Kituruki hewani kwa mkupuo, nyingine zikiwa katikati. Siasa za serikali zilikuwa zimechacha, na aliyeadhibiwa ni mama wa Muscat au Jeddah aliyeachwa hajui kama bibi harusi alifika. Kenya wana kovu lao: Februari 2015, katika mvutano wa kuhamia dijitali, Citizen, NTV na KTN zilizimika kwa takriban wiki tatu, na vipindi vyote ambavyo watu walipangia jioni zao vikazimika navyo. Huku kwetu mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na neno king'amuzi likahama kutoka kwa mafundi likaingia jikoni.

Nyumbani kwa shangazi ratiba ilikuwa na maadui wa kila siku. Kifurushi kiliisha tarehe mbaya siku zote, yaani siku mtu anapelekwa jela. Usiku wa mpira, binamu zangu waliikamata rimoti na kuikalia. Mvua kubwa ikinyesha picha iligeuka vigae, uso wa Sultani ukawa miraba minane inayosema kwa kugugumia. Mwezi wa Ramadhani kipindi kiligongana na tarawehe, na kila mwanamke wa nyumba ile alijitafutia fatwa yake. Shangazi alisali kwanza, akamwacha mjukuu wa miaka tisa atazame kwa niaba ya wote. Yule mtoto alikuwa mwandishi wa habari hodari, ingawa kila mtu mbaya alimwita "yule mwenye ndevu", na kwenye kasri lile wenye ndevu ni wote.

Sauti zetu

Tamthilia za nje kusema Kiswahili si jambo la jana. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Kabla ya hapo kulikuwa na vibanda umiza, ambako watu kama Lufufu wa Dar es Salaam, na DJ Afro kwa upande wa Kenya, walisimulia filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani juu ya sauti zake, wakiongeza vichekesho ambavyo mwandishi wa filamu hakuwahi kuviota. Kwenye vibanda vile tulijifunza sheria moja kuu: stelingi hafi.

Azam TV walipoileta Sultan kwa Kiswahili, kazi ilikuwa ya adabu zaidi. Kila mhusika alikuwa na sauti yake, na lugha ilikuwa ya heshima inayolingana na kasri. Kilichotufurahisha ni jinsi maneno yalivyotukaa kinywani. Sultani, waziri, hazina, diwani: maneno yote hayo tulikuwa nayo tayari, kwa kuwa sisi na Waturuki tumechota kwenye kisima kimoja cha Kiarabu na Kiajemi. Lingine limetoka kwao moja kwa moja. Askari wa Kitanzania akimwita mkubwa wake "afande", anatamka efendi ya Kituruki, iliyofika huku na askari wa Kisudani waliotumikia majeshi ya wakoloni mwishoni mwa karne ya 19. Jirani yetu mmoja, polisi mstaafu, alikuwa hajui hilo. Nilipomwambia, alikaa wima kwenye mkeka kwa muda uliobaki wa kipindi.

Hata damu ya hadithi ile ilifika ufukweni kwetu. Murad wa Tatu, aliyetawala kuanzia 1574 hadi 1595, alikuwa mjukuu wa Suleiman na Hürrem. Ni katika zama zake kwamba nahodha Mir Ali Bey alishuka kutoka Yemen katika miaka ya 1580 na merikebu chini ya bendera ya Osmani, akapokelewa na miji ya pwani iliyochoshwa na Wareno, hadi alipokamatwa Mombasa mwaka 1589. Miaka minne baadaye Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, ili mgeni wa namna hiyo asirudi. Anayepita leo chini ya kuta zile za matumbawe anapita kwenye sehemu moja ya tamthilia ambayo haikupigwa picha.

Lakini katika kuingiza sauti kuna kitu kilichoachwa njiani, na ndicho kinachonirudisha kwenye ile pete. Meryem Uzerli alikulia Ujerumani, na Kituruki chake kilikuwa na lafudhi. Kwa Waturuki lafudhi hiyo ilikuwa nusu ya Hürrem, kwani kila akifungua mdomo walikumbuka kwamba huyu mwanamke aliletwa, hakuzaliwa hapa. Sisi hatukuisikia hata siku moja. Hürrem wetu alisema Kiswahili kinachoteleza kama cha mtu wa Pangani. Sura ilikuwa ya mwanamke mmoja, pumzi ya mwingine, na maneno ya mtafsiri ambaye jina lake hatukulijua. Tangu siku ya kwanza tulikuwa tumekubali Hürrem wa kuungaunga. Siku sura ilipobadilika, ilibadilika nusu tu ya kitu ambacho tayari kilikuwa cha ushirika.

Aliyeondoka na aliyeingia

Mei 2013 Uzerli aliacha kazi ghafla akarudi Ujerumani. Yeye mwenyewe alieleza kwamba alikuwa amechoka kupita kiasi, mwili na akili. Nimeshasema kasi ile ilikuwa ya namna gani.

Kwenye tamthilia za maisha ya leo, mwigizaji akiondoka mhusika husafirishwa nje, au gari lake hukatika breki kwenye kona. Watayarishaji wa Istanbul hawakuwa na kona hiyo. Historia inasema Hürrem aliishi hadi 1558, na bila Hürrem kifo cha Mustafa hakina maana, kwa kuwa wengi waliamini kwamba ndiye aliyekipanga ili kiti kiende kwa mmoja wa wanawe. Mhusika alikatazwa kufa na mwigizaji alikuwa ameshapanda ndege.

Wakamchukua Vahide Perçin. Uzerli alizaliwa 1983, Perçin 1965. Msimu wa nne ulipoanza Septemba 2013, Hürrem alikuwa mwanamke wa makamo, mama wa wana wakubwa, mzito wa hatua, mwenye macho yasiyotafuta tena kupendwa. Waturuki waligawanyika. Wengine hawakumsamehe hadi mwisho, wakidai moto umezimika. Nawaelewa. Uzerli alikuwa na kicheko ambacho kingeweza kumfukuza mtu chumbani au kumwita, na kicheko kile Perçin hakujaribu hata kukiiga.

Lakini kila nikikumbuka ile sebule ya Ngamiani, naona shangazi aliona jambo ambalo wakosoaji walilipita. Mwanamke aliyepokonywa kwao, akauzwa, akazaa, akazika, akaua ili asiuawe, hatakiwi kubaki na sura ya msimu wa kwanza. Shangazi mwenyewe ana picha ya harusi yake ukutani, juu ya runinga. Wageni wengi huuliza yule bibi harusi ni nani.

Mtoto asichinjwe kabla ya siku yake

Tarehe 12 Februari 2014, Waturuki walitazama Mwanamfalme Mustafa akinyongwa ndani ya hema la baba yake, karibu na Ereğli, kama ilivyotokea Oktoba 1553. Kila mwanafunzi wa Uturuki aliyesoma historia alijua atakufa. Na bado, baada ya usiku ule, watu walimiminika kwenye kaburi lake mjini Bursa kumwombea dua, karne nne na nusu baada ya kuzikwa, kama walioipokea habari jana.

Kwetu tamthilia ilifika baada ya Uturuki kuimaliza, kwa hiyo mwisho wake ulikuwa umeshamwagwa kwenye intaneti. Kijana mmoja wa mtaani aliusoma kwenye simu, akaingia sebuleni akitaka kutangaza.

"Huyu Mustafa, shangazi, mbona baba yake ata—"

"Nyamaza!" Shangazi aliinua kandambili. "Usinichinjie mtoto wangu kabla ya siku yake."

Siku yake ilifika. Wale tuliolelewa na vibanda umiza tulisubiri hadi sekunde ya mwisho, kwa imani kwamba stelingi hafi. Kamba ilipokaza, polisi wetu mstaafu aliondoka akaenda kusimama nje. Kipindi kilikatwa hapo, na tangazo la sabuni likaingia likicheza muziki. Hakuna aliyenyanyuka kulipunguza sauti.

Hapo ndipo nilipoona kwamba ratiba zina ngazi. Kituo husogeza saa, mkasi husogeza mwisho, umeme husogeza kila kitu. Chini kabisa kuna ratiba moja ambayo Meral Okay, Yılmaz Şahin, Waziri Mkuu na shangazi wote waliikuta imeshaandikwa, na ndiyo iliyoishikilia hadithi wakati washikaji wake wakipokezana. Waliobadilishwa walikuwa wengi. Hema la Ereğli lilibaki mahali pake, likisubiri kila atakayeingia kwa sura yoyote.

Hema lisilofunguliwa

Suleiman alifariki Septemba 1566 akiwa vitani, nje ya ngome ya Szigetvár, Hungaria. Waziri mkuu wake, Sokollu Mehmed Pasha, hakumtangaza. Jeshi likijua limekosa mfalme lingesambaratika, na mrithi, Selim, alikuwa mbali. Basi kwa wiki kadhaa pazia la hema liliachwa limeshushwa, amri zikaendelea kutoka kwa jina la marehemu, na askari wakaendelea kupigania mtu ambaye hayupo, hadi Selim alipofika kukalia kiti. Kila mtayarishaji wa tamthilia aliyewahi kupoteza mwandishi au malkia katikati ya msimu angemwelewa yule waziri.

Nasi tulikuwa na hema letu. Usiku wa mwisho, jeshi likiwa limezingira ngome na Sultani akihema kwa shida kitandani, umeme ulikatika Ngamiani nzima. Kawaida watu hunyanyuka, huaga, hutafuta tochi. Safari hii hakuna aliyeondoka. Taa ya chemli iliwashwa, kahawa ikamiminwa, na watu zaidi ya kumi wakabaki wameelekeza nyuso kwenye runinga nyeusi.

"Tuendelee," akasema shangazi. Akaendelea yeye. Kwake Sultani hakufia Hungaria. Alipata nafuu, akarudi Istanbul siku ya mvua, akamkuta Mustafa amesimama mlangoni mwa kasri, mzima, shingo haina alama. Baba akashuka kwenye farasi. Hürrem alikuwa dirishani anawatazama. Nilimuuliza ni Hürrem yupi, wa kwanza au wa pili. Akanikazia macho kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Hürrem," akasema.

Marudio tuliyaona siku chache baadaye. Mfalme akafa kwenye kitanda cha kambini, muziki ukapanda, majina ya Kituruki yakaanza kupita. Shangazi alitazama hadi jina la mwisho, akachukua birika akalitikisa kusikia kama kuna kahawa iliyosalia.

"Wameukosea mwisho," akasema, akaenda zake jikoni.